Kutoka Karisi hadi Jukwaa: Fasihi ya Kivu Kaskazini Ikilinganishwa na Fasihi ya Kihispania

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kihispania, kama inavyofundishwa katika vyuo vikuu vingi, huchorwa kwa mstari ulionyooka. Mstari huo huanza na utenzi wa Cid, uliotungwa yapata mwaka 1200. Hupitia La Celestina ya mwaka 1499 na Lazarillo de Tormes ya mwaka 1554. Hufika kileleni katika Don Quijote ya Cervantes, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1615. Kisha hushuka, hupanda tena, na kuwafikia washairi wa kizazi cha 1927, ambao mmoja wao, Federico García Lorca, aliuawa mwaka 1936. Historia ya fasihi ya Kiswahili nayo imechorwa kwa rula iyo hiyo. Huanzia Pate kwa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ikapitia Al-Inkishafi, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) na utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ikamfikia Shaaban Robert (1909–1962), na kuishia kwa Euphrase Kezilahabi na wenzake wa Dar es Salaam.

Katika mchoro huo wa pili, Goma haimo. Mji ambao Kiswahili ndiyo lugha yake ya soko, ya kwaya, ya mpira na ya matanga haupati hata mstari mmoja katika vitabu vya historia ya fasihi ya lugha hiyo. Mwanafunzi wa Goma anayevisoma husoma habari za lugha yake kana kwamba ni habari za nyumba ya jirani. Matokeo yake ni mabaya kuliko yanavyodhaniwa: huhitimu akiamini kuwa fasihi ina lugha mbili tu, Kifaransa cha darasani na Kiswahili cha pwani, na kwamba anachokisema mwenyewe si chochote ila makosa ya mojawapo.

Makala haya yanakusudia kuitazama fasihi ya Kivu Kaskazini kwa kuilinganisha na ile ya Hispania. Hispania haichukuliwi hapa kuwa kipimo. Imechaguliwa kwa sababu mstari wake ulionyooka si wa kweli, na wataalamu wa huko wamekwisha kuonyesha ni mambo gani yaliyofichwa ili mstari unyooke. Yaliyofichwa huko yanafanana mno na yaliyofichwa huku.

Mashujaa watatu waliofukuzwa

Utenzi wa Cid unamhusu Rodrigo Díaz de Vivar, bwana wa vita aliyefariki Valencia mwaka 1099. Mfalme wake, Alfonso VI, anamfukuza nchini. Shujaa anaondoka na watu wachache, anapigana, anapata mali na mji, na hatimaye anarudishiwa heshima yake. Umesalimika katika muswada mmoja tu, wa karne ya 14, ambao ukurasa wake wa kwanza umepotea. Haukupigwa chapa hadi mwaka 1779. Kwa maneno mengine, kazi inayohesabiwa leo kuwa jiwe la msingi la fasihi ya taifa zima ilikaa karne nyingi bila kujulikana ila kwa watu wachache mno.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mahali hapo panashikwa na Fumo Liyongo. Wataalamu hawajakubaliana juu ya karne aliyoishi, lakini kisa chake kinajulikana: Sultani wa Pate anaziogopa nguvu zake, anamtia gerezani, naye anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate aliouleta mjakazi Saada, huku kelele za ngoma na nyimbo zikiifunika sauti ya chuma. Mwishowe anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Watu wa mji, wakidhani yu hai kwa jinsi alivyopiga goti na kushika upinde, wanaogopa kwenda kisimani. Kisa hicho kilisimuliwa na kuimbwa muda mrefu kabla ya Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu kukitungia utendi mwaka 1913.

Shujaa wa tatu ni wa Kivu Kaskazini. Miongoni mwa Wanyanga wa eneo la Walikale, magharibi ya Goma, kuna aina ya utendi iitwayo karisi. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake walinakili karisi moja kutoka kwa fanani Shekarisi Rureke, aliyeitamba, akaiimba na kuicheza kwa muda wa siku 12. Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga na baadaye aliiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala, waliichapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ndiyo karisi ya Mwindo.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mke anayependwa anazaa mtoto wa kiume, naye anatoka akiwa tayari anasema na kutembea, mkononi ana mgwisho wenye nguvu za ajabu. Baba anajaribu kumwua kwa mikuki, anamzika hai, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anasafiri majini hadi kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na kuushinda mji wa baba yake, anamfuata baba huyo hata kuzimu kwa Muisa, na kumrudisha akiwa hai. Fanani ambaye hana kina angelimaliza hapo. Rureke hakumalizia hapo. Mwindo, akiwa sasa mtawala, anamwua zimwi Kirimu. Lakini zimwi hilo ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi, naye Nkuba anamchukua shujaa juu mbinguni na kumtesa mwaka mzima kwa mvua, baridi na jua, mpaka majivuno yamwishe. Anaporudi duniani hana tena hamu ya kujisifu, bali anawatolea watu wake sheria.

Wasomi wengi wa tendi hutafuta ushujaa katika vita. Mashujaa hawa watatu wanafanana kwa jambo jingine: kila mmoja amekataliwa na mwenye mamlaka ambaye alipasa kumlinda. Tofauti yao imo katika namna wanavyoumaliza ugomvi huo. Cid anasubiri hukumu ya mfalme katika baraza. Liyongo hapatani na mtu, anakufa akiwa amesimama dhidi ya mji mzima. Mwindo anagawana nchi na baba yake, halafu yeye mwenyewe anahukumiwa na nguvu zilizo juu yake. Ikiwa fasihi hupimwa kwa kina cha fikra zake juu ya utawala, basi karisi haiko nyuma ya tendi hizo mbili, na katika jambo la mipaka ya mtawala pengine iko mbele.

Upo pia ufanano wa pili, ambao unagusa suala la vipindi. Utenzi wa Cid huitwa wa Enzi za Kati. Karisi ya Mwindo ilinakiliwa mwaka 1956, wakati Kongo imebakiza miaka minne kupata uhuru. Je, ni ya kipindi gani? Wahispania walikumbana na swali hilo mwaka 1900, pale mtaalamu Ramón Menéndez Pidal na mkewe María Goyri, wakiwa katika safari yao ya fungate, walipomsikia mwanamke mfua nguo huko Burgo de Osma akiimba utenzi mfupi juu ya kifo cha mwana wa mfalme aliyefariki mwaka 1497. Vitabu vilikuwa vimesema kwamba mapokeo ya namna hiyo yamekwisha Castilla. Hayakuwa yamekwisha, hakuna aliyekuwa amewauliza wafua nguo. Tangu hapo historia ya fasihi ya Kihispania imelazimika kukiri kuwa vipindi vyake haviishi tarehe vinapofungwa vitabuni.

Karisi, ni kweli, ni ya Kinyanga na si ya Kiswahili. Hoja hiyo hutolewa kila mara ili kuiondoa katika masomo ya Kiswahili. Lakini Alfonso X, mfalme aliyetawala kati ya 1252 na 1284 na kuifanya Kikastilia kuwa lugha ya sheria na ya historia, alipotaka kumwimbia Bikira Maria aliimba kwa Kigalisia. Mtu mmoja alikuwa na lugha ya sheria na lugha ya wimbo, wala hakuona aibu. Mkazi wa Goma aliye na Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Mashi nyumbani, Kiswahili barabarani na Kifaransa ofisini angemwelewa mfalme huyo vizuri sana.

Hati ya Kiarabu na yaliyofichwa chini ya sakafu

Jambo la pili lililofichwa ni hati. Kwa karne nyingi Hispania ilikuwa nchi ya dini tatu na hati tatu. Mwaka 1948 Samuel Stern alionyesha kuwa mwishoni mwa mashairi fulani ya Kiebrania, yaliyotungwa kwa kuiga muundo wa Kiarabu, mlikuwamo mistari ya lugha ya kirumi ya Hispania iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mingine kama hiyo ikapatikana katika mashairi ya Kiarabu. Yaani mistari ya zamani kabisa ya mashairi ya lugha hiyo haikuandikwa kwa herufi za Kilatini. Baadaye, Waislamu waliolazimishwa kuwa Wakristo waliendelea kuandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, maandishi ambayo huitwa aljamía. Neno hilo lina asili moja na ajami, linalojulikana vizuri kwa wasomaji wa miswada ya Kiswahili: lugha isiyo Kiarabu iliyovalishwa hati ya Kiarabu. Watu hao walifukuzwa nchini kati ya 1609 na 1614. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, nyumba ilipokuwa ikibomolewa ilipatikana hazina ya miswada yao iliyofichwa chini ya sakafu.

Cervantes aliyajua hayo yote. Katika sura ya tisa ya sehemu ya kwanza ya Don Quijote, msimulizi anadai kuwa habari zake zilimwishia, mpaka siku moja akamkuta kijana sokoni Toledo akiuza madaftari yaliyoandikwa kwa Kiarabu. Anatafuta mfasiri, anampata Mwislamu mmoja aliyebatizwa, na kumlipa zabibu kavu na ngano. Riwaya inayoitwa mama wa riwaya za Ulaya inajitambulisha kuwa ni tafsiri ya kitabu cha Mwarabu. Huo ni utani, lakini ulichapishwa miaka minne tu kabla ya amri ya kuwafukuza watu wa mfasiri huyo.

Mashariki mwa Kongo kuna sakafu kama hiyo. Kabla ya ukoloni wa Kibelgiji, Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa, na miji ya Nyangwe na Kasongo, kando ya mto Lualaba, ikawa na misikiti, mashamba ya mpunga na waandishi wa barua. Barua hizo ziliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Nyangwe na Kasongo zilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, na hati kadhaa zikachukuliwa hadi Ubelgiji, ambako Xavier Luffin amezichunguza na kuzichapisha katika miaka ya karibuni. Si fasihi kwa maana ya mashairi, bali ni mikataba, maagizo, salamu na malalamiko. Hata hivyo zinathibitisha kwamba Kiswahili cha Kongo kilikuwa na maandishi yake kabla ya misheni kuleta alfabeti, jambo ambalo wanafunzi wengi huambiwa kinyume chake.

Kitabu kikubwa cha kipindi hicho ni maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyeyaandika mwenyewe kwa hati ya Kiarabu baada ya kurejea Unguja. Heinrich Brode aliyageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha Zanzibar kwa sababu mwandishi wake alikuwa wa huko. Lakini sehemu kubwa ya matendo yake hutukia katika ardhi ya Kongo, na nathari yake kavu, inayohesabu frasila za pembe na siku za mwendo bila kupoteza muda kusifu mandhari, haina mfano katika maandishi ya Kiswahili ya wakati ule. Pia ni nathari ya mtu aliyeteka na kuuza watu, naye haoni haja ya kulieleza hilo. Msomaji wa Kivu hawezi kuisoma kwa raha aliyonayo msomaji wa Unguja, na pengine kwa sababu hiyo anaweza kuisoma vizuri zaidi.

Sarufi na himaya

Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alimkabidhi Malkia Isabel sarufi ya Kikastilia, akimweleza katika dibaji kuwa lugha daima imefuatana na himaya. Kiswahili nacho kilipata siku yake kama hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne zilizotawaliwa na Waingereza: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Kibelgiji haikuwamo. Vitabu, mashindano ya uandishi na, baada ya mwaka 1948, idara ya kuchapisha vitabu ya Afrika Mashariki, vyote vilisimama upande mmoja wa mpaka.

Mpaka wenyewe ulikuwa mpya. Hadi mapatano ya mwaka 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, eneo la Ziwa Kivu liligombaniwa. Goma ilikua ikiwa kituo kidogo kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Kiswahili kilichosemwa pande zote mbili kilikuwa cha askari, wachukuzi, vibarua wa mashamba na makatekista. Upande wa Kongo kiligawanyika hata katika majina. Mapadri Weupe, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880 walikuwa kando ya Ziwa Tanganyika, walipendelea Kiswahili kilicho karibu na cha pwani. Wengine walikiandika kile kilichosemwa na watu, wakakiita Kingwana. Mmisionari John Whitehead alikitolea kitabu cha sarufi mwaka 1928, mwaka uleule wa mkutano wa Mombasa. Jeshi la kikoloni lilichukua Lingala. Mahakama na shule za juu zilichukua Kifaransa. Hivyo Kiswahili kikabaki na kanisa, soko na nyumba, na fasihi yake ikakulia humo.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za kitaifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Maana ya mgawanyo huo huonekana shuleni, ambako lugha ya kitaifa ni ya madarasa ya mwanzo tu. Mtoto wa Goma hujifunza kusoma ili aachane na lugha aliyoanza kuisoma.

Historia ya watumishi

Lazarillo de Tormes, iliyochapishwa mwaka 1554 bila jina la mwandishi, ni maneno ya mtumishi. Lázaro anamwandikia bwana mmoja mkubwa habari za maisha yake: jinsi alivyomtumikia kipofu, kasisi bahili, na mwungwana asiye na chakula ambaye mtumishi ndiye aliyelazimika kumlisha. Mwaka 1559 kitabu kikapigwa marufuku na mahakama ya dini. Umuhimu wake hautokani na vichekesho vyake. Kwa mara ya kwanza nchi inaonekana kutoka jikoni na mlangoni, na mtumishi anawajua mabwana kuliko mabwana wanavyomjua.

Mwaka 1965, huko Elisabethville, ambayo mwaka uliofuata iliitwa Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav alitayarisha kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani maandishi yaliyopigwa taipureta, yenye jina la Kifaransa lakini yaliyoandikwa kwa Kiswahili: Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Licha ya jina lake, si kamusi. Ni historia ya mji na ya nchi tangu siku za Mfalme Leopold II, kama walivyoiona wapishi na maboyi. Johannes Fabian aliyachapisha na kuyafafanua mwaka 1990. Tahajia yake haifuati sheria za Kamati ya Lugha wala za misheni. Maneno yameunganishwa na kutenganishwa kwa namna ambayo mkaguzi wa shule angeijaza wino mwekundu. Msomaji anayekwama hapo atakosa mojawapo ya matini muhimu kabisa za nathari ya Kiswahili katika karne ya 20. Lázaro alibuniwa na mtu msomi aliyejificha nyuma ya mtumishi; huku watumishi wenyewe ndio walioagiza historia yao iandikwe.

Tofauti nyingine ni kwamba Lazarillo ilizaa watoto. Ilifuatiwa na riwaya nyingi za wajanja na watembezi, na bila hizo Don Quijote isingekuwa kama ilivyo. Maandishi ya Yav hayakuzaa riwaya. Sababu si uhaba wa visa wala wa vipaji. Hapakuwa na mchapishaji wa kuyauza, mwalimu wa kuyafundisha, wala mtihani wa kuyauliza. Tanzania ilikuwa na vyote vitatu baada ya uhuru, na ndiyo maana Rosa Mistika ya mwaka 1971 na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 zilipata wasomaji. Mkongo mwenye riwaya kichwani aliiandika kwa Kifaransa, kama alivyofanya Paul Lomami Tshibamba katika Ngando ya mwaka 1948, au aliiacha kichwani.

Fasihi isiyopitia kitabuni

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuhitimisha kuwa hakuna kilichotungwa. Nguvu ya utunzi ilipita kwenye njia nyingine. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza redioni na katika televisheni kwa Kiswahili cha mjini, mara nyingi bila maandishi kamili, waigizaji wakikubaliana kisa na kuyaacha mazungumzo yazaliwe jukwaani. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mwaka 1973 na 1974, alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja na kuieleza picha kwa picha kwa Kiswahili. Masimulizi yake, yaliyorekodiwa na kuchapishwa mwaka 1996, ni utendi wa kisasa kwa kila maana isipokuwa mizani. Lope de Vega, mtunzi wa tamthilia nyingi mno, aliwaambia wasomi wa Madrid mwaka 1609 kwamba anaandika kwa ladha ya umma unaolipa kiingilio, hata kama sheria za Aristotle zinavunjika. Waigizaji wa Lubumbashi hawakuhitaji kuwaandikia wasomi risala kama hiyo; wasomi hawakuwa wamewauliza.

Goma ilichelewa kuingia katika orodha hii, na historia ya mji inaeleza kwa nini. Ilipata kuwa makao makuu ya mkoa unaojitegemea mwaka 1988 tu, Kivu ilipogawanywa. Mwaka 1994 ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Mlima ukalipuka tena Mei 2021. Na Januari 2025 mji ukatekwa na M23. Fasihi ya karatasi haistawi kwa urahisi katika mji unaohama na kurudi. Kinachohama na mtu ni kile alichokishika kwa moyo.

Kwa hiyo haishangazi kuwa sanaa zilizoshamiri Goma tangu miaka ya 2000 ni za sauti na picha. Kituo cha Yolé!Africa kimewalea watengeneza filamu, wachezaji na wanamuziki, na tamasha lake la filamu hapo awali lilibeba katika jina lake salamu ya Kiswahili. Kundi la Goma Slam Session limewakusanya vijana wanaotamka mashairi mbele ya hadhira, wakichanganya Kifaransa na Kiswahili, mara nyingine ndani ya ubeti mmoja. Kwaya za makanisa, ambazo hutunga na kufanya mazoezi wiki nzima, huenda ndizo zenye watunzi wengi kuliko taasisi yoyote, ingawa hakuna mhadhiri anayewahesabu kuwa washairi. Katika tungo hizi zote utawala ndiyo mada inayorudi: nani aliyepaswa kuwalinda watu naye hakuwalinda. Ni swali la Tubondo.

Lorca, mwaka 1932, aliongoza kundi la wanafunzi wa chuo kikuu waliopeleka tamthilia za kale za Lope na Calderón vijijini, wakitandika jukwaa uwanjani mbele ya watu wengi ambao hawakujua kusoma. Kundi hilo liliitwa La Barraca. Wanafunzi wa Goma wanaweza kulifanya jambo hilo kwa urahisi zaidi kuliko wale wa Madrid, kwa sababu fasihi ya kupeleka vijijini imetoka vijijini. Karisi ya Mwindo inapatikana kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Kuifasiri katika Kiswahili cha kuigizwa ni kazi inayofaa tasnifu kadhaa.

Tatizo la kwanza litakuwa tahajia. Je, mfasiri aandike watu au batu, vitu au bintu, mtoto au mutoto, ninakwenda au niko naenda? Desturi ya idara nyingi imekuwa kusahihisha yote hadi yafanane na Kiunguja, na kufanya hivyo ni kumvua msemaji sauti yake. Lakini kuyaacha yote kama yanavyotamkwa kuna hatari yake: matini huweza kuonekana kama kielelezo cha lahaja, kitu cha kuchunguzwa badala ya kusomwa. Katika utambaji wake Rureke alimtaja hata mwandishi aliyekuwa akinakili, naye kalamu ikabidi iandike habari za kalamu yenyewe. Fanani aliyejua kiasi hicho anastahili mfasiri anayefahamu kuwa tahajia ni uamuzi wa kisanaa.

Mfano wa kufuatwa upo katika kazi iliyofanywa juu ya maandishi ya Yav. Kwa sababu yalikuwa magumu kusomeka kimyakimya, mzaliwa wa Lubumbashi aliombwa ayasome kwa sauti, mstari kwa mstari, huku akirekodiwa. Mambo mengi yaliyofanana na makosa ya taipureta yalisikika kuwa sentensi timamu, zenye vituo na mkazo wake, na ndipo tafsiri ikawezekana.